Mlango wa Mama Siti

Mimi nauza maharage. Meza yangu iko kwenye baraza la duka la Mama Siti, hapa Kasulu mjini, na kwa kuwa kuta za nyumba zetu ni nyembamba, watu huja kuniuliza mimi habari zake badala ya kumwuliza mwenyewe. Huwa nawajibu kwa ukali. Wengi hawaulizi kwa huruma, wanauliza ili wapate la kwenda kusema kisimani. Leo nasimulia yote mara moja, nipumzike.

Jina lake ni Mwanaheri. Watu wa kwao walitoka pwani zamani, wakapita Ujiji, wakaishia huku kwetu milimani kuuza chumvi na vitenge. Ni watu wema, lakini wana tabia moja: wanaoana wenyewe kwa wenyewe. Mwanaheri na dada yake Mwanahawa waliozeshwa siku moja kwa ndugu wawili, watoto wa baba yao mkubwa. Shangazi yao ndiye aliyepanga. Mwanaheri akabaki hapa Kasulu na mumewe Dadi, dada yake akaenda Kibondo ambako mumewe alifungua duka la vyombo.

Mwanahawa akamzaa Badru. Miaka sita baadaye Mwanaheri akamzaa Siti. Watoto wote wawili walizaliwa wazuri, weupe, na wote wawili walikohoa. Walikula kama watu wazima wala hawakunenepa. Tena walikuwa na jambo la ajabu: ukimbusu Siti kwenye paji la uso, midomo yako inaonja chumvi. Mimi nilimbusu sana alipokuwa mchanga, kwa hiyo najua ninachosema.

Walitibiwa kila kitu. Walipewa dawa za kifua kikuu, wakazimaliza, wakaendelea kukohoa. Walinyweshwa asali, wakanyweshwa mizizi, wakaandikiwa kombe la aya wakalinywa. Mwishowe Dadi akawapakia wote wakaenda Dar, na huko watoto wakapimwa jasho. Daktari akasema ni ugonjwa wa kuzaliwa nao. Baba anatoa nusu na mama anatoa nusu, na kila mmoja mzima wa afya, hajui alichobeba. Mtoto akizipata nusu zote mbili, makohozi yake yanakuwa mazito kama ugali wa muhogo, yanaganda kifuani, na vijidudu vya magonjwa vinajenga humo. Ugonjwa una jina refu la Kizungu. Mama Siti analitamka vizuri na mimi nalikosea kila mara, basi tuliache.

Tangu hapo sijamwona mwanamke huyu amelala akatosheka. Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, anamlaza Siti mapajani kichwa chini, anakunja kiganja kama mtu anayechota maji, na kuanza kumgonga mgongo ili makohozi yaachie. Pu, pu, pu, upande wa kulia, upande wa kushoto, kisha kifuani. Jioni tena. Siti akiwa na homa, na mchana pia. Siku moja mama mmoja wa Makere alikuja kuninunulia maharage. Tukasalimiana vizuri, "Mwakeye," "Mwakeye," halafu akatega sikio ukutani akauliza, "Mwenye duka anatwanga nini asubuhi hii?"

"Anatwanga mtoto," nikamjibu.

Akaondoka bila kununua. Mama Siti alipotoka nikamhadithia, akacheka mpaka akakaa chini kwenye gunia langu. Naikumbuka siku hiyo kwa sababu kicheko chake ni cha nadra.

Raha ya Siti ilikuwa moja tu, Badru. Shuleni watoto walimkimbia kwa sababu ya kikohozi chake, na walimu walimkalisha peke yake dirishani. Lakini shule zikifungwa alipelekwa Kibondo kwa mama yake mkubwa, na huko alikuwapo mtu anayekohoa kuliko yeye. Badru ndiye aliyemfundisha kutema makohozi bila aibu. Walishindana nani atatema mengi, na aliyeshindwa alifua vikombe. Unaweza kusema ni mchezo mchafu. Mimi nilikuwa nikimwona Siti akirudi kutoka Kibondo amechangamka, anaongea peke yake njiani, na nikasema Mungu ampe maisha yule kijana.

Mwanahawa aliwatunza wote wawili kama mapacha. Kila jioni aliinjika chungu kikubwa cha majani ya mkaratusi, mpera na mchaichai, akakiepua kikiwa kinafoka mvuke, akawakalisha Badru na Siti uso kwa uso, akawafunika na blanketi zito wapige nyungu. Kwa nini awafukize mmoja mmoja? Kuni zenyewe za shida, na ukiwa peke yako chini ya blanketi unaogopa giza na joto. Wakiwa wawili walicheka, walikohoa, walivuta mvuke kwa nguvu, na Mwanahawa alizibonyeza ncha za blanketi chini ili hata pumzi moja isitoke. Nani huku kwetu angeona kosa hapo? Hata mimi wanangu nimewafunika hivyo hivyo.

Siti alipofika miaka kumi na miwili alirudi kutoka Kibondo na homa ambayo haikutaka kushuka. Makohozi yakawa ya kijani, yana harufu tamutamu. Wakampeleka Dar tena. Daktari akayapima, kisha akafukua majibu ya zamani ya Badru, akamwita Mama Siti akamkalisha. Mdudu aliyekuwa kifuani mwa Siti alikuwa wa aina ile ile aliyekuwa amejenga kwa Badru miaka mingi. Daktari akamweleza polepole. Mtu mwenye ugonjwa huu akikohoa, matone madogo yasiyoonekana yanaruka na kubaki yananing'inia hewani, hata baada ya yeye kutoka chumbani. Wewe na mimi tukiyavuta hayatufanyi kitu, kwa sababu kifua kizima kinajisafisha. Mwenye ugonjwa kama wake akiyavuta, yanakaa. Basi watu wawili wenye ugonjwa huu wasikae chumba kimoja, wasipande gari moja, wasikaribiane hata kidogo. Hata wakiwa ndugu wa chanda na pete, vivyo hivyo.

Siti alipewa dawa ya kuvuta kwa mashine, miezi mitatu. Dawa yenyewe ilipatikana kwa kuhangaika, mara kwa jamaa wa Nairobi, mara kwa mtu anayetoka India. Walipopima tena, mdudu alikuwa ameondoka. Daktari akamwambia Mama Siti, "Safari hii tumemwahi. Akirudi akakaa, hatoki tena, na mapafu yatakuwa yanakwisha kidogo kidogo." Maneno hayo Mama Siti aliniambia akiwa amesimama, mkono kwenye meza yangu, macho mekundu kwa safari. Akaniambia, "Mama Ildefonsi, sasa nimwambieje dada?"

Alimwambia kwa simu, hapo hapo barazani. Simu yake ilikuwa haisikiki bila kufungua spika, kwa hiyo tulisikia wote.

"Dada, likizo hii Siti haji. Na Badru naye asije kwanza."

"Badru amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Daktari amesema wasivute hewa moja. Mdudu aliyemwingia Siti ni yule wa Badru."

"Mbona mimi namuuguza miaka yote sijaupata? Wewe umelala naye chumba kimoja, umeupata?"

"Vifua vyetu vinamtoa mdudu, dada. Vya kwao haviwezi."

"Sema tu mwanangu mchafu."

"Dada, sijasema hivyo."

"Tumenyonya titi moja, Mwanaheri. Titi moja! Leo unanifungia mlango?"

Simu ikakatika. Mama Siti akaifuta kwa kanga kama vile imelowa, akaingia ndani kupima kitambaa cha mteja.

Maneno yakasambaa kama unavyojua. Mama Siti amemkataa mtoto wa dada yake. Mama Siti ana roho mbaya, ndiyo maana mtoto wake haponi. Kila mtu akawa na methali yake. Mwanamke mmoja wa mtaani alisimama mbele yangu akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nikamwambia aliyetunga methali hiyo hakuwa na mtoto kama Siti, na kama hana la kununua asinizibie meza. Shangazi yao naye alikuja, akakaa dukani siku nzima akitafuna tambuu, akirudia neno moja: undugu haukatwi na karatasi ya daktari. Huyo ndiye aliyewaoza watoto wa ndugu kwa watoto wa ndugu. Nilitamani kumjibu lakini ni mtu mzima, nikamezea.

Mama Siti hakugombana na mtu. Alifanya alilojua: alijiongezea kazi. Kila alipoweza alipanda gari kwenda Kibondo kumjulia hali Badru, kwa sababu kumtazama mgonjwa kwao ni wajibu na kwake yule kijana ni mwanawe. Alimgonga mgongo kule kama anavyomgonga Siti huku. Akirudi hakuingia kwake moja kwa moja. Alipitia kwangu, akaoga kwenye bafu langu la makuti, akabadilisha nguo, akaziacha zile za safari kwenye ndoo nizifulie. Daktari alikuwa amemwambia hatari kubwa ni wagonjwa wenyewe kukutana, si nguo, lakini yeye hakutaka kubahatisha. Basi akawa na nguo za Kibondo na nguo za Kasulu.

Kule hawakumchangamkia. Mwanahawa alimwekea kigoda, akamwekea chai, akaenda kukaa jikoni. Siku moja akamwambia, "Unakuja kumshika mwanangu mgongo, lakini nyumba yako haimjui." Mama Siti akamaliza kumgonga Badru, akaosha mikono, akaaga. Aliporudi aliniambia kwamba Badru alimshika kanga mlangoni akasema, "Mama mdogo, usimjali Mama. Mwambie Siti mimi niko poa." Hakuwa poa. Alikuwa na miaka ishirini, anatengeneza simu kwenye kibanda cha rafiki yake, na ncha za vidole vyake zilikuwa zimevimba nene kama maharage yaliyolowekwa.

Hali hiyo ilikwenda mwaka na zaidi. Siti akafika kumi na minne, akarefuka kidogo. Vipimo vyake vikaja safi mara tatu mfululizo. Mama Siti alikonda kwa niaba yake.

Halafu ikaja Idi ndogo ya mwaka huu.

Kila Idi mimi hualikwa, ingawa ni Mkristo, na hualikwa mapema ili nisaidie kuosha mchele. Baada ya swala nyumba ilijaa. Jamaa walitoka Ujiji, walitoka Kigoma mjini, shangazi yupo kwenye kiti kikubwa na udi unafuka. Siti alikuwa chumbani kwake nyuma, dirisha wazi, kwa sababu moshi wa udi unamkaba na msongamano wa watu pia haumfai. Pilau ilikuwa tayari kwenye masinia. Gari la kukodi likasimama mbele ya duka, akashuka Mwanahawa amevaa buibui jipya. Nyuma yake akashuka Badru.

Hawakusema kama wanakuja. Baadaye nilijua shangazi alikuwa anajua.

Mama Siti alikwenda mlangoni. Ule mlango una mbao mbili, na ubao mmoja ulikuwa umefungwa kwa komeo. Akasimama kwenye nafasi iliyobaki, mkono kwenye komeo. Mwanahawa akaja mpaka kizingitini, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Idi njema, mdogo wangu. Nimekuletea mwanao. Mfukuze sasa, watu wakuone."

Watu waliokuwa wameshika tonge hawakulipeleka mdomoni. Dadi aliinua kichwa akakiinamisha tena, wanaume bwana. Shangazi akasema kutoka kwenye kiti chake, "Mwanaheri. Leo ni Idi. Usitutie aibu."

Nilimtazama Mama Siti mgongoni. Nilitegemea aseme maneno aliyoyasema mwaka mzima, kwa upole ule ule: daktari amesema hivi na hivi. Mabega yake yakashuka. Akavuta komeo, akafungua na ubao wa pili, mlango wote ukawa wazi, akasema, "Karibuni."

Niliweka sinia chini nikaenda kusimama mbele ya chumba cha Siti. Sijui nilidhani nitamzuia nani, mwanamke wa maharage katika nyumba ya watu. Nilikuwa na hasira na huruma, na sikujua namkasirikia nani.

Mwanahawa akaingia. Badru hakuingia. Alibaki barabarani kando ya meza yangu, akajifunika mdomo kwa kiwiko, akakohoa amewapa watu mgongo. Alikohoa muda mrefu. Kisha akageuka akasema, "Mama mdogo, mimi siji ndani. Niletee sahani yangu huku huku nje."

"Ingia!" mama yake akamwambia. "Umesikia umekaribishwa."

"Nimesikia. Siingii. Uliniambia tunakuja kumsalimia Siti, nikajua tutamsalimia kwa mbali, dirishani. Haya mambo ya kuingia ndani hukuniambia."

"Badru, usiniaibishe."

"Mama, mimi ndiye niliyemwambukiza. Daktari aliniambia mwenyewe kwa mdomo wake. Na nilikwambia. Ukaniambia tusimsikilize."

Hapo Mwanahawa akasimama katikati ya sebule kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua. Mama Siti alikuwa wa kwanza kumwendea. Mwanahawa akamsukuma mkono, si kwa nguvu, akasema, "Unataka nikubali? Nikikubali ni kweli, basi ni mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nawafunika. Nilibonyeza blanketi kwa mikono yangu hii pumzi isitoke." Akaitazama mikono. "Nilikuwa namtibu mwanao, Mwanaheri. Wallahi nilikuwa namtibu."

"Najua, dada," akasema Mama Siti. "Tangu mwanzo nilijua."

"Ulijua ni blanketi? Na hukuniambia?"

"Ningekwambiaje?"

Mwanahawa akalia. Hakulia kilio cha kupaza sauti, alilia kile cha kuchoka, kinachotoka puani. Basi sinia moja likatolewa nje, likawekwa juu ya meza yangu baada ya kuyashusha magunia, na dada wawili wakala na Badru pale barabarani huku wapita njia wakitazama. Siti alizunguka uani akaja kusimama mwisho wa uzio, mbali, upepo ukitoka kwake kwenda barabarani. Badru alimpungia kijiko. Akamwuliza kwa sauti kama bado anatema vizuri, Siti akamjibu kwamba sasa atamshinda, na Badru akacheka mpaka kikohozi kikamkatisha. Kisha Mwanahawa na Badru wakaliendea gari lao la kukodi, kwa sababu Kibondo si karibu na Badru alikuwa ameanza kuishiwa pumzi. Mwanahawa alimkumbatia mdogo wake muda mrefu. Sikusikia walichoambiana, na safari hii sikutega sikio.

Wageni walipoisha, jua lingali juu ya paa, tulikaa uani mimi na Mama Siti tunaosha masinia. Nilifurahi kwa ajili yake, nikawa nampigia porojo, namwambia leo atalala kama mfalme. Yeye akawa anasugua sinia. Siti akatoka chumbani akasimama kwenye ngazi ya jikoni.

"Mama," akasema. "Niliona. Kupitia tundu la mlango."

Mama Siti akaendelea kusugua.

"Ulifungua."

"Nilifungua."

"Ulisahau kama nipo ndani?"

Nilitaka kusema kitu, niseme shangazi ndiye, niseme watu ndio. Mama Siti akatikisa kichwa kuninyamazisha. "Sikusahau," akamwambia mwanawe. "Nilikukumbuka, na nilifungua. Nilichoka, mwanangu. Nilichoka tu."

Siti alimtazama sana. Sikuona hasira usoni mwake, na ningeiona ningefarijika. Akashuka ngazi, akachukua sinia lililooshwa akaliegemeza ukutani likauke.

"Siku nyingine ukichoka uniite," akasema. "Nitafunga mwenyewe."

Mama Siti akaitikia kwa kichwa. Tukamalizia vyombo vilivyobaki.